Shukrani kwa fundi wa Kirumba

Ndugu yetu uliyekataa kutajwa jina, ahsante kwa kutukagulia mchoro wa modeli yetu ya treni ya vitofali vya kuchezea. Garratt ya daraja la 59, kile kichwa cha treni cha mvuke chenye boila moja iliyobebwa na injini mbili, ile ya rangi ya damu ya mzee iliyoundwa Manchester, ina magurudumu ya kuendesha manane mbele na manane nyuma. Kwenye programu ya kompyuta tuliyochorea modeli, yote yalipita. Programu haijui kona. Kwenye reli ya kuchezea yenye nusu kipenyo cha vinundu 40 (vile vya juu ya kitofali), yaani sentimita 32, ekseli nne zilizofungwa pamoja hukwama. Ukasema ekseli mbili za kati zivae magurudumu yasiyo na ukingo, na boila isigandishwe: ikalie egemeo mbili, moja juu ya kila injini. Ukang'oa pia kwenye mchoro vitofali ambavyo havijawahi kutolewa kwa rangi hiyo, na hapo ndipo ulipotuokolea pesa. Samaki wako, sato, yuko soko la Mwaloni, pitia.