Ami, usituchanie hati ya deni

Assalaam alaikum Ami, na shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu na wewe ulisema hadharani. Ulikaa barazani kwetu hapa Wete, Pemba, wiki nzima, kikombe cha kahawa mkononi, na kila aliyepita akakusikia ukisema kwamba mabadiliko ya tabianchi ni uongo wa wazungu, kwamba umebuniwa ili mnyonge alipishwe bili kubwa ya umeme na gesi. Watu wamekuamini. Wewe ni mtu uliyesoma, umekaa Leicester, Uingereza, miaka mingi, na kuzungumza unajua. Tangu uondoke maneno yako yanarudiwa sokoni, bandarini, mpaka kwenye gari za Chake, na mimi kila nikifungua mdomo naulizwa, "Kwani wewe unajua kuliko ami yako?" Basi nijibu kwa maandishi, mara moja, na adabu yangu iko palepale.

Nianze na bili, kwa sababu hapo sina ugomvi nawe. Oktoba 2022 kiwango cha juu ambacho Ofgem, mdhibiti wa nishati wa huko, alikipanga kwa nyumba ya kawaida kilifika pauni 3,549 kwa mwaka. Msimu wa baridi uliotangulia kilikuwa pauni 1,277. Serikali ikaingilia kati, nyumba ya kawaida ikawa inalipa kama pauni 2,500, na hizo nazo ni karibu mara mbili ya za mwanzo. Ulitwambia habari za wazee wanaochagua baina ya kula na kuwasha hita, na mimi nilikuamini. Waliocheka pale barazani ati mtu mzima analilia joto, hawajawahi kulala kwenye nyumba ya baridi inayoingia mifupani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini Ami, bili ile ilipandishwa na nini? Bei ya gesi ilikwisha kuanza kupanda mwaka 2021. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, gesi ikaadimika Ulaya nzima, bei ikaruka. Uingereza nyumba nyingi zinapashwa joto kwa gesi, na hata umeme wao, saa nyingi bei yake inafuata kituo cha gesi kilicho ghali, ijapokuwa jirani yake kuna mitambo ya upepo inazunguka bila kununua mafuta. Sheria yao ya tabianchi ni ya 2008, na ilipita kwa kura za karibu wabunge wote wa vyama vyote. Shabaha ya kufikisha hewa ya ukaa sifuri halisi ifikapo 2050 ikaingizwa kwenye sheria hiyo mwaka 2019. Ingekuwa sheria ndiyo iliyokufilisi, bei ingengoja vita?

Nikupe na haki yako. Kwenye bili ya umeme ya huko zimo tozo za kugharamia nishati jadidifu na misaada mingine, na zimerundikwa kwenye umeme kuliko kwenye gesi. Mama anayesafisha maofisi usiku anazilipa kwa kila uniti anayotumia, sawasawa na mwenye nyumba ya vyumba kumi. Hilo ni baya, na wanasiasa wa huko wanalibishania kila siku, tena wana haki ya kubishana. Ila huo ni ubishi wa nani alipe, na alipie wapi. Hauna neno lolote la kutwambia kama bahari inapata joto au haipati. Wewe ulitoka kwenye bili ukaingia kwenye bahari bila hata kubisha hodi.

Halafu ukaleta hoja ya 1872, na wazee wakatikisa vichwa kukuunga mkono. Ni kweli, Aprili mwaka ule kimbunga kiliipiga Unguja, mikarafuu ikang'oka shamba kwa shamba, na Pemba kwa sehemu kubwa ikanusurika. Ndiyo sababu moja ya karafuu kuwa habari ya Pemba mpaka leo. Ukauliza, "Mwaka ule kulikuwa na magari mangapi?" Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka, maana swali ni zuri.

Jibu lake lipo. Vimbunga vilikuwepo, ukame ulikuwepo, masika mabaya yalikuwepo. Sijapata kumsikia mwanasayansi hata mmoja aliyesema dunia ilikuwa imetulia tuli mpaka mzungu alipowasha makaa ya mawe. Wanachosema ni kwamba juu ya hayo yaliyokuwepo tumeongeza joto. Hewa ya ukaa inapimwa kule Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958. Wakati ule ilikuwa kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa, na sasa imepita 420. Na kwamba gesi hiyo inazuia joto lisitoke, mwanasayansi John Tyndall alilionesha kwa vipimo London mwaka 1859, miaka 13 kabla ya kimbunga chetu. Mwaka huo hapakuwa na bili ya umeme ya kumpandishia mtu.

Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa, Ami, mimi naanika karafuu. Unajua kazi yenyewe, ila umeisahau kidogo. Karafuu mbichi ikishachambuliwa makonyo inataka jua la mfululizo siku kadhaa. Moto haiutaki, ukiikausha kwa moto umeiharibu. Siku za mavuno uwanja mzima unatandikwa majamvi, na mama anakaa upenuni jicho moja kwenye karafuu na jingine kwenye wingu. Akipiga ukelele "Anueni!" hakuna mgeni wala mwenyeji. Watoto waliorudi skuli wanatupa mikoba, aliye na udhu anatoka na udhu wake, pembe za jamvi zinakamatwa, karafuu zinaingia ndani mpaka chumbani, na ndani hakuna pa kukanyaga. Saa moja baadaye jua linatoka, mnatoa tena. Zikirowa mno zikafungiwa zinavunda, zinapauka, na kwenye kituo cha kununulia wanazishusha daraja mbele ya macho yako.

Kuanua na kuanika kulikuwepo tangu zamani, sikatai. Ila muulize bibi, mama yako mzazi. Yeye aliyekuwa akisema vuli inaingia, na inaingia kweli, siku hizi ukimuuliza anakwambia, "Sijui, Mungu ndiye ajuaye." Wiki nzima uliyokaa hapa ulizungumza na kila mtu kuhusu tabianchi isipokuwa yeye.

Ukitoka Wete kwenda kusini mpaka Kisiwa Panza utakuta mashamba ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi. Atatokea mtu aseme mikoko ilikatwa, ndiyo maana bahari ikapata njia. Ni kweli pia. Mambo mawili yanaweza kumpata mtu kwa pamoja, na mara nyingi ndivyo yanavyokuja. Wanawake wa mwani nao, wa Pemba na wa pwani ya mashariki ya Unguja, watakueleza jinsi kotonii, aina ile yenye bei nzuri, inavyofanya nyeupe ikakatika maji yakipata moto. Wengi wamebaki na spinosum inayostahimili, ambayo bei yake ni ya chini.

Sasa njoo jikoni kwetu, maana ulikuja ukaishia barazani. Kuna mafiga ya kuni uani, kuna jiko la makaa, kuna jiko la gesi, na sasa imeingia na presha ya umeme. Kila moja lina kazi yake na siku yake. Chai ya asubuhi ni gesi. Maharage yanakwenda kwenye presha kama uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zipo, zisipokuwepo yanarudi kwenye kuni. Wali wa wageni lazima upaliwe makaa juu ya mfuniko, hapo mama hasikii la mtu. Na mwisho wa mwezi, gesi ikiisha na mfuko umekauka, mnarudi kwenye fungu la makaa, kwa sababu makaa yananunuliwa kwa pesa ya leo na mtungi unataka pesa ya mwezi kwa mkupuo.

Watu hudhani gesi ya mtungi ndiyo ile inayochimbwa Songo Songo na Mtwara. Siyo. Ile ya Songo Songo na Mtwara inaendesha mitambo ya umeme bara. Ya mtungi inaagizwa nje, inakuja kwa meli, inalipiwa kwa dola. Kwa hiyo vita vya Ukraine vilivyokupandishia wewe Leicester vilifika na kwa mama hapa Wete, na huku hapakuwa na sheria ya 2050 ya kusingiziwa.

Umeme nao unatoka mbali. Pemba ulikuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya dizeli pale Wesha na kelele zake. Unguja unapita chini ya bahari vilevile, na wewe unakumbuka giza lao la 2008, kisha lile la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu mji mzima unanguruma vijenereta na maji hayapandi kwenye bomba. Huko bara umeme wenyewe ni gesi na maji. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na ni jambo la kushukuru. Lakini bwawa linataka mvua. Mwishoni mwa 2022 mito ilipopungua, bara walipata mgao, na sisi tuko mwisho wa waya uleule. Ukame wa Morogoro unaweza kumkuta mama na maharage yake.

Kuna na watu wa upande wa pili wananikera, usidhani nimehamia kwao. Wanakuja na magari ya viyoyozi, wanakodi ukumbi, wanatugawia maji ya chupa, halafu wanamwambia muuza vitumbua aache makaa aokoe misitu. Moshi unaua, hilo ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 vilivyotokana na hewa chafu ya majumbani. Lakini muuza vitumbua hakuchagua makaa kwa kuupenda moshi. Mwaka 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na shabaha ni kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Inshaallah. Ila mtungi haujazwi kwa shabaha, na semina haijawahi kulipia hata uniti moja ya Tukuza.

Sasa nifike kwenye neno lako bora kuliko yote, ulilolisema usiku wa mwisho watu wakakupigia makofi: "Wao wamechoma makaa ya mawe mpaka wakashiba, leo wanatwambia sisi tusiguse gesi yetu." Hapo Ami nilitaka nikubusu mkono. Kituo chao cha kwanza cha kuuza umeme wa makaa ya mawe kilifunguliwa London mwaka 1882, na cha mwisho kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Zanzibar nzima sensa ya 2022 imetuhesabu watu milioni 1.9, na katika joto la dunia hii mchango wetu hata hauonekani. Kwa hivyo kama kuna hasara Kisiwa Panza, aliyetia mkono mkubwa anajulikana, na anadaiwa.

Lakini anadaiwa nini, kama joto lenyewe hakuna? Hapo ndipo uliponishinda. Kwa pumzi moja unasema wametuharibia, kwa pumzi ya pili unasema hakuna kilichoharibika. Ukiyakana mabadiliko ya tabianchi umeichana hati ya deni mbele ya mdaiwa, na mdaiwa anakushangilia. Mwaka 2022 kwenye mkutano wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, nchi maskini zilibanana na matajiri mpaka ukakubaliwa mfuko wa kufidia hasara na uharibifu. Ulipofunguliwa Dubai mwaka uliofuata, ahadi zilizotiwa zilikuwa kiasi cha dola milioni 700, kwa dunia nzima, na ahadi si fedha. Ni kidogo mno. Hao wanaotoa kidogo hivyo hawahitaji msaada wa mtu wa Wete kuwaambia kwamba hata hicho kidogo hawadaiwi. Na hao wanasiasa wa huko unaowanukuu wanaposema wanamtetea mnyonge, mnyonge wanayemkusudia ni mpiga kura wao. Mwanamke wa mwani hayumo.

Bishana nao juu ya tozo. Waambie waziondoe kwenye bili ya yule mama wa usiku, wazichukue kwa wenye faida za gesi. Waambie na habari ya gesi yetu pia, nitakuwa nyuma yako. Hayo yote unaweza kuyasema bila kumwambia bibi kwamba mvua anayoiona siyo.

Kuhusu lile jenereta uliloahidi kuleta, tumezungumza nyumbani. Petroli mamlaka inatangaza bei yake kila mwezi na hatujui wa kuijaza atakuwa nani ukishaondoka. Mama anasema kama fedha ipo, bora sola ya kutosha friji na taa, na betri yake, maana jua la hapa kazi ya kukausha karafuu zetu linaijua, siku likiwepo. Fundi yupo Chake, nimeshamuuliza, anataka kujua paa la nyumba yako limeelekea wapi. Tutumie picha. Na ukija mavuno yajayo, njoo na bili zako mwenyewe, za kabla ya vita na za baada yake, mimi nitaleta risiti za Tukuza, tuzisome barazani mstari kwa mstari mbele ya watu walewale.

Bibi anakusalimu. Wasalaam.