Kipa wako hachelewi mikono, anachelewa macho

Kwenye kituo chetu cha kupima wachezaji, ombi tunalolipata kuliko mengine yote ni hili: "Naomba mumwongezee kipa wangu kasi ya mwitikio." Anayeomba mara nyingi ni kocha, wakati mwingine mzazi, na tayari ana video kwenye simu inayomwonyesha kijana akijirusha wakati mpira umeshagusa wavu. Tunampima. Anakaa mbele ya kioo cha kompyuta, taa inawaka, anabonyeza. Milisekunde 230, yaani sekunde 0.23. Kisha 215, kisha 240. Hapo mazungumzo yanakuwa magumu kidogo, maana hizo ni namba za kawaida kabisa za kijana mwenye afya, na kipa wa timu ya taifa akikaa kwenye kiti hichohicho hatamwacha mbali.

Fanya hesabu mwenyewe. Penalti hupigwa mita 11 kutoka golini. Mpira ukienda kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, unafika kwa sekunde 0.4 hivi. Toa sekunde 0.2 za kuona na kuamua, inabaki 0.2 ya kuufikia mpira ulio karibu na nguzo, kwenye goli lenye upana wa mita 7.32. Haiwezekani. Anayengoja mpira uondoke mguuni ndipo aanze kufikiri ameshafungwa, hata awe na mishipa ya umeme. Kwa hiyo wanaodaka wanapata habari mapema. Wanaipata wapi?

Mwaka 2002 mtafiti Geert Savelsbergh na wenzake waliwapima makipa wazoefu na wasio wazoefu kwa video za wapiga penalti, huku kifaa kikifuatilia macho yao. Wasio wazoefu waliangalia sana kiwiliwili, mikono na nyonga. Wazoefu walituliza macho sehemu chache, na kila sehemu kwa muda mrefu zaidi. Kadiri mguu ulivyokaribia mpira ndivyo walivyozidi kuuangalia mguu unaopiga, mguu wa kusimamia na mpira wenyewe. Halafu kuna jambo ambalo makocha wengi hawaliamini tunapowaeleza: wazoefu walichelewa zaidi kuanza kuchagua upande. Walingoja kwa sababu walijua wanangoja nini.

Utulivu huo una sababu yake. Nyoosha mkono wako mbele na uangalie ukucha wa kidole gumba. Eneo ambalo jicho linaliona kwa ukali halizidi sana upana wa kidole hicho. Kwingine kote ni ukungu ambao ubongo unaujazia. Na jicho linaporuka kutoka bega hadi goti, wakati wa mruko wenyewe haliokoti kitu cha maana. Kipa anayerusha macho mara sita kabla ya mpira kupigwa amejipofusha mara sita.

Idadi ya chaguo nayo ina gharama. Mwanasaikolojia William Hick alionyesha mwaka 1952 kwamba chaguo zikiongezeka, muda wa kuitikia nao unarefuka. Aliyeusoma mguu wa kusimamia na kupunguza uwezekano kutoka pembe nne hadi mbili anaonekana mwepesi, kumbe amepewa swali rahisi zaidi.

Ushahidi ninaoupenda unatoka kwenye kriketi. Mwaka 1987 mtafiti Peter McLeod aliweka vijiti vya mbao chini ya mkeka ili mpira ukidunda ugeuke bila kutabirika, akawaleta wapigaji wa kiwango cha kimataifa. Walihitaji milisekunde 200 hivi kurekebisha pigo, karibu sawa na watu wa kawaida. Nao wachezaji wakubwa wa besiboli, akiwemo Albert Pujols, walishindwa mwaka 2004 kuupiga mpira wa Jennie Finch, mchezaji wa softiboli (mchezo unaofanana na besiboli), aliyerusha mpira kwa mkono unaotokea chini, si juu ya bega. Macho yalikuwa yaleyale na mikono ileile, ila bega na kiwiko walivyozoea kuvisoma havikuwepo.

Lakini usiondoke ukidhani "angalia sehemu chache" ni dawa ya kila mchezaji. Kwa kiungo aliyezungukwa na watu uwanja mzima mambo hugeuka: hapo wazoefu huhamisha macho mara nyingi zaidi, na huangalia nyuma ya bega kabla pasi haijawafikia. Mkimbiaji wa mita 100 naye ni habari nyingine. Yeye hana cha kutafuta kwa macho, anasikia mlio tu. Usain Bolt alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 mwaka 2009 mwitikio wake ulikuwa 0.146, na ukishuka chini ya 0.100 unahesabiwa umetoka kabla ya mlio.

Sisi wenyewe tulikosea hapa, tena kwa faida. Tulinunua ule ukuta wa taa zinazowaka ili mchezaji azigonge haraka, tukauza vipindi vyake kwa miezi mitatu. Alama za vijana zilipanda vizuri sana. Kwenye penalti hakuna kilichobadilika. Walikuwa wamekuwa hodari wa kugonga taa. Ukuta bado upo, watoto wanaupenda, tunautumia kupasha mwili moto.

Siku hizi kipimo cha taa kinachukua dakika tano tu, na kazi yake ni kugundua tatizo: namba ikiwa mbaya sana, au kijana akikunja uso kuona kioo, tunamwelekeza kwa daktari wa macho kabla ya lolote. Baada ya hapo tunamwonyesha video za wapigaji zinazokatika mguu unapogusa mpira, yeye anasema kushoto au kulia, kisha tunarudia zikikatika mapema kidogo. Mwisho anavaa miwani yenye kamera, nasi tunaona macho yalitua wapi. Mazoezi yanaanzia kwenye video lakini hatukubali yaishie hapo. Lazima mpigaji wa kweli asimame mbele yake, kwa sababu anayebashiri vizuri kwenye kioo anaweza bado kuyumba uwanjani.

Ukija, tuletee pia video za penalti alizopigiwa, angalau kumi. Simu iwe nyuma ya goli, usawa wa macho yake, na mpigaji aonekane tangu hatua ya kwanza hadi mguu wa kusimamia unapotua.