Barua ya wazi: Mheshimiwa, kibao cha Pegasus kiko wapi?

Mheshimiwa,

Assalamu alaykum. Jina lako na ofisi yako sivitaji, kwa heshima. Wewe mwenyewe unajijua, nami unanijua: ni yule nahodha wa boti za wageni uliyempa mkono barazani kwetu Shangani, ukasema mbele ya manahodha wenzangu kwamba kibao cha kumbukumbu ya Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyozama bandarini kwetu mwaka 1914, kitawekwa kabla ya msimu. Misimu mitatu imeshapita.

Nimekuandikia mara tatu. Barua ya kwanza niliambiwa imo kwenye faili. Ya pili niliambiwa faili limehamishwa. Ya tatu sijajibiwa mpaka leo. Hii ya nne naiandika mbele za watu, kwa sababu ya nilichokiona Jumanne iliyopita kwa mnunuzi wa vyuma chakavu: kipande cha bomba la shaba, kizito, kimeganda chaza, kiko juu ya mizani. Kijana aliyekileta alisema amekitoa "kwenye manowari". Akalipwa kwa kilo, akenda zake.

Sina ushahidi kwamba kimetoka Pegasus. Bandari yetu imemeza vyuma vingi. Lakini manowari wanayoijua wapiga mbizi wetu ni hiyo, na mimi moyo uliniambia ni hiyo. Nikafunga boti, wageni sita nikamwachia mwenzangu, nikaja ofisini kwako. Mafuta ya siku ile nilikuwa nimeyakopa, Mheshimiwa, na deni lake bado nalilipa. Nimekaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Mwisho nikaambiwa, "Andika barua."

Haya, nimeandika. Na kwa kuwa inaonekana ofisini kwako hakuna aliyeniamini kwamba meli hii ina maana kwetu, nitaieleza tena, kama nilivyoieleza mara tatu zilizopita.

HMS Pegasus iliundwa Jarrow, kwenye mto Tyne, kaskazini ya Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1897, mwaka ule ule Malkia Victoria alipotimiza miaka 60 ya utawala wake. Ilikuwa kruza, yaani manowari ya mwendo, ndogo, ya tani 2,135, yenye mizinga minane mikubwa ya inchi 4. Ndugu zake walikuwa kumi, wote wa umbo moja. Meli kama hizi ziliundwa kwa kuzungukia makoloni na kulinda njia za biashara. Pegasus ilitumika Bahari ya Mediterania, ikakaa miaka Australia, kisha ikaletwa upande wetu chini ya Admirali King-Hall. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza Agosti 1914 ilikuwa imeshachoka. Tarehe 8 Agosti ilikuwa mbele ya Dar es Salaam pamoja na Astraea, manowari nyengine ya Kiingereza, kuishambulia mitambo ya simu ya upepo ya Wajerumani. Mwezi uliofuata ikatia nanga hapa Unguja ili mitambo na maboila yake yatengenezwe. Nani aliamua iachwe peke yake, hali inajulikana kwamba kruza ya Kijerumani Königsberg inazunguka pwani hii? Mimi nadhani waliidharau bahari yetu. Waliona Unguja ni mahali pa kutengenezea meli tu, adui hatafika.

Alifika. Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri. Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilitoka mafichoni kwenye delta ya Rufiji ikaja mpaka mlangoni petu. Mizinga yake ilifika mbali kuliko ya Pegasus. Hapo ndipo penye kisa chote: Pegasus haikuweza kuondoka kwa sababu moto wa maboila ulikuwa umezimwa, na haikuweza kumfikia adui kwa sababu risasi zake zilianguka majini kabla ya kufika. Mabaharia wake walisimama penye mizinga yao wakapigwa. Walikufa 38, wakajeruhiwa 55, na mchana meli ikazama.

Bibi yangu alisimuliwa na mama yake, aliyekuwa msichana mdogo Malindi ya hapa mjini Unguja siku ile. Alisema watu walidhani ni radi, wakashangaa mbona mbingu ni nyeupe. Kisha milango ikaanza kutikisika. Alisema jambo moja ambalo sijalisahau: kwamba wanaume wa mji waliingia majini na mashua kwenda kuokota watu, na hawakuuliza ni wa dini gani wala wa taifa gani. Haya ni ya nyumbani kwetu, sikuyasoma popote. Na akishakufa anayeyajua, yamekwisha.

Waliokufa walizikwa Chapwani, kisiwa chenye makaburi. Napita hapo kila siku nikipeleka wageni Changuu. Mizinga ya Pegasus iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikaenda kupigana bara. Ile kumi ya Königsberg nayo, baada ya meli hiyo kumalizwa Rufiji Julai 1915, ikaburutwa nchi kavu na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Na aliyeibeba vita ile mgongoni ni mpagazi, Mheshimiwa. Maelfu kwa maelfu ya watu wetu wa pwani na bara, waliokufa kwa njaa na maradhi. Mtu akiniuliza Pegasus inatuhusu nini, namjibu hivyo.

Leo mtu akitaka kuuona mzinga wa Pegasus, anakwenda Fort Jesus, Mombasa. Uko hapo, na mzinga wa Königsberg uko hapo hapo. Dar es Salaam wana Sanamu ya Askari, ya kuwakumbuka Waafrika wa vita ile, tangu 1927, na imeandikwa Kiswahili. Na sisi ambao meli yenyewe iko chini ya maji yetu? Mimi natembea pwani hii tangu utoto, kibao cha Kiswahili cha kumwambia mtoto "tazama pale" sijakiona.

Mwezi uliopita nilimsikia kijana mmoja wa kutembeza watu akiwaambia wanafunzi wa skuli kwamba Pegasus ilizamishwa katika vita vya Sayyid Khalid, yule aliyekalia kiti cha Usultani bila ya ridhaa ya Waingereza. Watoto wakaandika madaftarini. Iliyozama siku ile, tarehe 27 Agosti 1896, ni Glasgow, meli ya Sultani, na walioizamisha ni Waingereza wenyewe. Ni meli mbili, katika bandari moja, miaka 18 mbali mbali. Yule kijana simlaumu. Angejua wapi?

Mabaki ya Pegasus yaliuzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1955, na kilichobaki chini ndicho kinachokatwa sasa vipande vipande. Nilikuwa nikikuomba walinzi, na sheria, na chumba cha maonesho, na mzinga mmoja urudishwe nyumbani. Nimeviacha vyote hivyo. Umri wangu ni miaka 61 na mgongo hauniruhusu tena kukaa kwenye benchi lako siku nzima.

Naomba kibao, Mheshimiwa. Kimoja, cha Kiswahili, ufukweni, kinachoelekea baharini. Maneno yake nimeyaandika, yamo ndani ya barua ya pili, kwenye faili lililohamishwa. Mbao nitatoa mimi, ya mvule, ninayo nyumbani. Ninachokosa ni ruhusa yako ya kuchimba shimo mbili. Nipe ruhusa hiyo kabla ya tarehe 20 Septemba.

Wako mtiifu,
Nahodha wa boti, Shangani, Unguja