Kwa wakunga vijana mliotoka semina

Wanangu,

Nimeona picha zenu mkiwa na vyeti vya semina ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Hongereni sana. Nimefanya kazi leba mpaka nikastaafu, na ujuzi huo nauheshimu kuliko mwingine wowote tuliofundishwa. Ndiyo maana nawauliza mapema: Jumatatu mkiingia zamu, nini kitabadilika?

Nina sababu ya kuuliza. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 wahudumu walipata mafunzo ya siku moja ya jambo hilihili. Miezi ikapita, wakapimwa kwa mdoli wa mazoezi wa mtoto mchanga, wakafanya vizuri kuliko mwanzo. Leba kwenyewe, kwa watoto halisi, huduma haikuwa bora na vifo havikupungua. Haydom hawakukata tamaa. Mdoli akawekwa hukohuko kazini, watu wakawa wanajizoeza dakika chache kila wiki, na kila mwezi wanapata zoezi refu kidogo. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka kama 11 hadi kama 7 kwa kila watoto 1,000. Walimu walifundisha somo lilelile. Kilichoongezeka ni kulirudia pale pale panapofanyika kazi.

Mimi naongeza jambo moja: mkae mjiulize. Akizaliwa mtoto asiyelia, zamu isiishe kabla waliokuwepo hawajasimama pamoja, hata kwa dakika tano. Mmeshafundishwa kwamba asiyepumua apewe hewa ndani ya dakika ya kwanza. Je, alipewa? Kama hakupewa, dakika ile tulikuwa tunafanya nini? Mtashangaa majibu yalivyo madogo. Ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, ilikuwa kabatini, na funguo ameondoka nazo wa zamu iliyopita. Barakoa ya Ambu iliyokuwepo ni ya mtoto mkubwa, hewa ikavujia mashavuni na kifua hakikuinuka. Au tuliendelea kufyonza ute huku mtoto anasubiri hewa. Hayo hayahitaji semina nyingine, wala bajeti. Funguo zinaweza kubaki wodini kuanzia usiku huohuo.

Chagueni jambo moja tu la kubadilisha, mliandike kwenye kaunta buku pamoja na jina la atakayelishughulikia. Kwenye ripoti ya asubuhi inayofuata liulizeni kama mnavyouliza presha ya mgonjwa.

Wakuu wa wodi, hapa nawaomba ninyi hasa. Kikao hicho kikianza na "nani amezembea?", kimeshakufa; kesho kila mtu ataandika kwamba mtoto alipewa hewa kwa wakati. Anzeni na yaliyotokea, hatua kwa hatua. Mhudumu wa afya aliyeshika taa aseme kwanza, kwa sababu mara nyingi ndiye aliyeiona saa ya ukutani wakati ninyi mmeinamia mtoto. Na mtoto akiokolewa, kaeni vilevile. Mnapaswa kujua ni kipi kilichofanya kazi, ili wa zamu ya usiku naye akifanye.

Najua mko wachache, na wakati mwingine mkunga mmoja ana mama watatu kwa pamoja. Siku hiyo dakika tano hazipatikani. Andikeni mistari miwili, mzungumze kesho yake.

Mdoli mliyepewa kwenye semina mtoeni kwenye boksi, mwekeni karibu na meza ya kumhudumia mtoto. Zamu ya leo usiku ianze naye.

Mama yenu,
Mkunga mstaafu