Tufunge na kadi, si kioo peke yake

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lenu tuzungumzie jambo moja ambalo wengi hapa Lubumbashi hawalifanyi: kufunga kadi ya SIM kwa namba ya siri. Karibu kila mtu hufunga kioo cha simu kwa kidole au kwa mchoro, akaona amemaliza. Lakini mwizi wa soko la hapa kwetu, komini ya Kenya, hana haja na kioo chako. Anachomoa kadi kwa sindano, anaitia katika simu ndogo ya vibonye, na papo hapo namba yako inaitika mkononi mwake.

Kuanzia hapo, kila kinachothibitishwa kwa SMS ni chake. Anasajili WhatsApp kwa namba yako katika simu nyingine, zile tarakimu 6 zinaingia kwenye kadi aliyonayo, na muda si mrefu shemeji na mashangazi zako wanasoma: “Nitumie dola 50, nitarudisha jioni.” Akaunti ya pesa, ni kweli, ina namba yake ya siri. Ila wengi wameweka mwaka wa kuzaliwa, na mwaka huo umeandikwa kwenye kadi ya mpiga kura iliyoibwa katika mkoba uleule.

Kwenye Android iliyo kwa Kifaransa ingia “Paramètres” (mipangilio), halafu “Sécurité” (usalama), utafute “Verrouillage de la carte SIM” (kufuli ya kadi ya SIM). Majina hubadilika kidogo kwa kila aina ya simu. Usipopaona, andika SIM kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwenye iPhone ni “Réglages” (mipangilio), kisha “Données cellulaires” (data ya simu). Hapa ndipo watu wanapoharibu. Simu haikuombi ubuni namba mpya, inaomba PIN, yaani namba ya siri ambayo kadi ilikuja nayo. Mtu anaandika namba anayoipenda, anakosea mara 3, na kadi inadai PUK, namba ya kuifungulia kadi iliyojifunga, yenye tarakimu 8. PUK nayo ikikosewa mara 10, kadi imekufa na hakuna fundi wa kuifufua. Basi usibahatishe. Namba hizo kwa kawaida zimeandikwa kwenye plastiki ambayo kadi ilibanduliwa. Kama huna, waulize watu wa mtandao wako kabla ya kugusa chochote. Ukishawasha, badilisha PIN uweke yako, zima simu, iwashe tena. Isipokuuliza namba, kazi bado. Mwenye kadi mbili afunge zote mbili.

Ninyi wauzaji wa kadi barabarani, tunawasihi: msiitupe ile plastiki mkishamtilia mteja kadi kwenye simu. PUK yake iko hapo, na ni mali yake.

Kufuli ya pili ni ya WhatsApp yenyewe: “Compte” (akaunti), kisha “Vérification en deux étapes” (uthibitisho wa hatua mbili). Utaweka namba ya tarakimu 6, na hakikisha umeongeza anwani ya barua pepe, kwa sababu ukiisahau namba bila barua pepe utasubiri siku 7. Siku hizo 7 zinamzuia mwizi vilevile, nawe unapata muda wa kurudishiwa namba yako na kuingia tena kabla yake.

Kuna hila nyingine isiyohitaji hata kuiba simu. Mtu anapiga akijiita mfanyakazi wa mtandao, anakuambia ubonyeze **21* ikifuatwa na namba fulani na #. Ukibonyeza, simu zote unazopigiwa zinahamia kwake, pamoja na ile ya WhatsApp inayosoma namba ya uthibitisho kwa sauti. Uliyekwisha kubonyeza, piga ##002# ufute uhamisho wote. Na kwenye mipangilio ya “Notifications”, ficha maneno ya ujumbe kioo kinapokuwa kimefungwa, maana namba ya uthibitisho inayosomeka juu ya kioo haikulindwa na mchoro wowote.

Unapopeleka simu kutengenezwa, toa kadi ya SIM na kadi ya kumbukumbu, ubaki nazo. Kubadili kioo au betri hakuhitaji hata moja. Fundi akitaka kujaribu kioo kipya, njoo ufungue mwenyewe, usimwachie namba kwenye karatasi. Samsung za miaka ya karibuni zina “Mode Maintenance”, inayomwezesha fundi kujaribu simu bila kuona picha wala ujumbe wako.

Leo hii bonyeza *#06#, uandike IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, kwenye karatasi inayokaa nyumbani. Ukiibiwa, azima simu ya jirani upigie mtandao kwanza wakate kadi, kisha nenda ofisini kwao na kitambulisho wakupe nyingine yenye namba yako ileile. Polisi na IMEI vifuate baadaye.

Mafundi wa simu,
Komini ya Kenya, Lubumbashi