Mistari miwili kwenye karatasi ya kipimo cha masikio

Wateja wengi wanaopimwa hapa kwetu Dodoma huuliza swali moja kabla hawajakaa vizuri: "Nimebakiwa na asilimia ngapi?" Karatasi tunayowapa haina asilimia. Duara jekundu ni sikio la kulia na alama ya X ya buluu ni la kushoto. Kadiri unavyokwenda kulia sauti huwa nyembamba zaidi, kutoka hezi 250 hadi 8,000, na kadiri alama inavyoshuka ndivyo ilivyobidi tuongeze desibeli, yaani ukubwa wa sauti, ili uisikie. Kwa mtu mzima, alama zisizofika desibeli 20 ni za kawaida.

Jambo la kutazama kwanza ni pengo kati ya mistari miwili. Tunapima mara mbili, na alama za kila kipimo huunganishwa kuwa mstari: kwa spika za masikioni, kisha kwa kifaa kinachobanwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, ambacho hupeleka sauti moja kwa moja kwenye sikio la ndani. Ikiwa mstari wa mfupa ni mzuri lakini ule wa spika umeshuka, sauti inazuiliwa njiani, labda na nta, majimaji au ngoma ya sikio iliyotoboka, na mara nyingi hali hiyo hutibika. Mteja wa namna hii hatumuuzii shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kabla daktari hajamwona. Mistari yote miwili ikishuka pamoja, tatizo liko katika sikio la ndani au mshipa wa fahamu, kwa sababu ya umri, kelele, homa ya uti wa mgongo au dawa kama gentamaisini, na chembe za kusikia zilizokufa humo hazioti tena. Wapo pia wenye yote mawili.

Mzee mmoja aliyeendesha mashine ya kusaga Kibaigwa kwa miaka mingi alishikilia kwamba anasikia vizuri, ila watu wa siku hizi wananong'ona. Mstari wake ulikuwa umenyooka hadi hezi 1,000, kisha ukazama kwenye 4,000, mahali ambapo kelele huanza kula. Irabu alizisikia zote. Herufi nyembamba kama "s" ndizo zilizompotea, hivyo akiambiwa basi linaondoka saa sita, yeye alisikia saa tisa. Huyo ndiye shimesikio linamfaa.

Sikio likiziba ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usisubiri miadi yetu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.