Anza na Bwana Msa

Mwanangu Salma,

Marahaba. Salamu zako zimetufikia sote, na mdogo wako anakuamkia. Huku Tanga hatujambo. Mvua za vuli zimeanza na mama yako ameshaotesha mchicha wake nyuma ya jiko.

Uliniuliza kwenye simu, katika riwaya hizi za upelelezi ninazozisoma tangu nistaafu, ipi uanze nayo ukipata nafasi baina ya mitihani. Ningekutajia jina moja papo hapo, lakini ningekunyima sababu, na mimi sababu ndizo ninazozipenda. Kaa basi usome.

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Nasema hivyo nikijua kwamba wazee wenzangu pale barazani wangekutajia Willy Gamba kwanza, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, na nitamfikia. Kitabu hiki kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Kwa hiyo kimenizidi umri, na bado kilinikesheza. Maiti inaonekana mzimuni. Wewe umekulia pwani, unajua mahali pa namna hiyo pana uzito gani na watu huwa wepesi kiasi gani kusema kwamba wenye mahali wamekasirika. Hapo ndipo anapoingia mpelelezi, Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, naye anaanza kutafuta mkono wa binadamu. Zaidi ya hapo sikwambii kitu.

Nilipomsoma nilipata hamu ya kujua mwandishi ni mtu gani. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza shule alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa miaka kadhaa kabla hajaingia kwenye magazeti, na baadaye akawa mhariri wa jarida la Mkulima mpaka alipostaafu 1968. Mwanangu, nilipolijua hilo la afya nilikiweka kitabu chini nikamwita mama yako. Maisha yangu yote ya kazi nimeitwa bwana afya, na niliitambua kazi yangu ndani ya zile kurasa kabla sijajua kwamba mwandishi naye aliifanya.

Fikiria mtaa umeingiliwa na kipindupindu. Ukifika unakuta majibu yamekutangulia: huyu anasema ni upepo, yule anasema fulani kamwendea mganga. Huwezi kuwabishia, wana msiba. Unachofanya ni kuuliza. Jana mlikula wapi? Maji mnachota wapi? Nani aliugua kwanza, na nani alimuogesha? Kisha unakwenda mwenyewe kukitazama kisima, unapima kwa hatua mpaka kwenye choo, unaangalia ardhi inainamia upande gani. Polepole lile jambo kubwa la kutisha linakuwa shimo fulani, lililochimbwa na mtu fulani, mahali pasipofaa. Kuna furaha katika kazi hiyo ambayo sikuwahi kuweza kumweleza mtu. Abdulla ameieleza. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba Bwana Msa alizaliwa katika ile miaka ya kukagua mitaro na visima.

Na wewe unayesoma utabibu una haki yako humu. Yule Sherlock Holmes wa Waingereza, ambaye wasomaji wengi wanamwona nyuma ya kiko cha Bwana Msa, aliumbwa na daktari. Arthur Conan Doyle alisomea udaktari Edinburgh, na mwalimu wake mmoja, Joseph Bell, alikuwa na kipaji cha kumtazama mgonjwa na kutaja kazi yake na alikotoka kabla hajafungua mdomo. Doyle akamchukua mwalimu wake akamfanya mpelelezi, na hadithi ya kwanza ikatoka 1887. Kwa hiyo wapelelezi hawa wawili, wa London na wa Unguja, wote wametoka katika kazi ya kutafuta chanzo cha ugonjwa. Ninyi wanafunzi mnafundishwa kuchukua historia ya mgonjwa. Bwana Msa kazi yake ni hiyo hiyo, ila mgonjwa keshakufa.

Lakini usidhani Abdulla amenakili tu. Holmes anasoma majivu ya sigara na tope la kwenye viatu. Bwana Msa anasoma watu, na hasa anasoma udugu: nani mtoto wa nani, nani alilelewa na shangazi badala ya mama, ndoa ipi ilivunjika na kwa nini haitajwi. Hilo lisingefaa London, ambako jirani hamjui jirani. Linafaa Unguja ile ya kabla ya mapinduzi, ya mashamba na majumba ya mamwinyi, ambako nasaba ilikuwa mali na kuificha ilikuwa kazi. Vitabu vyake vya baadaye, kama Duniani Kuna Watu cha 1973, vinazidi kuzama huko mpaka siri ya ukoo inakuwa nzito kuliko mauaji. Wapo watakaochoka. Mimi sikuchoka, kwa sababu nimeona kwa macho yangu familia zikiteseka kwa siri za namna hiyo kuliko kwa mwizi yeyote.

Kasoro yake kwangu ni ile ya mwishoni. Bwana Msa akishafumbua fumbo anaeleza sana, na mengine anayoyaeleza alikuwa ameyaweka moyoni tangu awali bila kutugawia. Mpelelezi akiona jambo, nami nilione. Tukishindana tushindane tukiwa na taarifa sawa. Utaona mwenyewe. Kiswahili chake, hata hivyo, kinaifuta kasoro hiyo. Soma kwa sauti, usione haya. Watu wake wanaongea kama wazee tuliowakuta, kila mmoja kwa namna yake.

Sasa Willy Gamba. Nimesoma Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi ya 1979. Katika ile ya kwanza siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, na Willy anatumwa Nairobi kuzifuata. Ya pili inampeleka Kinshasa. Ni vitabu vya mbio. Nilikianza kimoja baada ya isha, na nilipoinua kichwa mama yako alikuwa ameshalala zamani.

Nataka uvisome ukijua kilichokuwa kikitokea, kwa sababu vijana wa rika lako huviona kama vitu vilivyotiwa chumvi. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule umoja wa nchi huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa pale pale Dar mwaka 1962, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa pale pale tarehe 3 Februari 1969. Alifungua kifurushi kilichokuja kwa posta, ndani mkiwa na bomu. Mtu aliyesoma Kufa na Kupona mwaka 1974 alikuwa na miaka mitano tu tangu tukio hilo. Hakuhitaji kuaminishwa kwamba maadui wana mikono mirefu. Sisi tulikuwa watoto wa shule, tukiimba nyimbo za ukombozi mstarini asubuhi, na tuliamini kabisa kwamba makaburu wanaweza kuwa nyuma ya ukuta. Ndiyo maana Willy Gamba alipendwa. Alikuwa wetu, anaingia Nairobi na Kinshasa bila kujishusha mbele ya mtu, na Afrika nzima ni uwanja wake. Kabla yake, jasusi wa namna hiyo tulikuwa tukimwona sinema, naye alikuwa Mzungu. Jambo hilo Musiba alitupa, na sitaki mtu alidharau. Tena hakuwa mtu wa kuishi kwa kalamu: alikuwa mfanyabiashara, akaja kuongoza chemba ya wenye viwanda na biashara ya taifa. Najiuliza aliandika saa ngapi.

Hata hivyo, Salma, kuna mambo mawili siyapendi, na nakwambia wazi. La kwanza, Willy hafikiri sana. Anafika, anapiga, anapigwa kidogo, na adui anasema. Ukurasa unakimbia lakini akili yangu imekaa bure. La pili ni wanawake. Kila anayetokea ni mzuri kupita kiasi, na jioni moja inamtosha kumpenda Willy mpaka kuhatarisha maisha yake. Ninao mabinti, na nimefanya kazi na manesi waliokuwa na akili na ujasiri kunishinda. Sikumkuta hata mmoja wao humo. Usiniambie ni mambo ya zama zile. Zama zile zile, kule kwenye misitu ya Msumbiji, wanawake walikuwa wakibeba bunduki.

Ndiyo sababu nilifurahi nilipomfikia Ben Mtobwa, yule mtu wa Kigoma. Mpelelezi wake Joram Kiango ana Nuru, na Nuru ni mwenzake wa kazi kwelikweli. Sisemi kwamba Mtobwa ameacha kusifia maumbile ya wanawake, hajaacha, ila Nuru ana kichwa na kinatumika. Tutarudi na Roho Zetu? inawapeleka kazini wote wawili, na swali lile la kwenye jalada linakufuata mpaka mwisho. Joram ananipendeza kuliko Willy kwa sababu anachoka. Kuna mahali unamwona hana hamu na kazi hii, na mtu wa namna hiyo akijitosa kwenye hatari unashika pumzi.

Mtobwa huyo huyo ana Dar es Salaam Usiku. Hiyo haina mpelelezi, ni riwaya ya mji: baa, mahoteli, wenye pesa na wanaojiuza. Mama yako aliisoma kabla yangu akasema ni kitabu cha huzuni. Mimi naona ni kitabu cha hasira, hasira ya mtu anayeupenda mji wake. Hatujakubaliana mpaka leo. Mtobwa alifariki 2008, akiwa na miaka hamsini tu. Nikikumbuka hilo naumia, maana ndiye niliyemwona anazidi kukua kitabu hadi kitabu.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, nimeisoma pia. Inspekta Wingo ni askari mwenye bidii na hadithi inakwenda vizuri. Ni fupi, utaimaliza kwenye foleni ya benki. Ina heshima yake kwa kutangulia, kwani upelelezi wa Bara kwa Kiswahili unaanzia karibu na hapo, lakini haikunishika kama zile nyingine.

Hadithi hizi zinazorushwa WhatsApp, ambazo mdogo wako anazisoma akiwa anakula, nimejaribu nazo. Wapo vijana wenye kipaji humo, nawaombea. Shida yangu ni kwamba kila sehemu lazima ikatike mtu akiwa ameelekezewa bastola, halafu "itaendelea". Mwandishi akizoea hivyo hana muda wa kupanda dalili mapema ili aje kuivuna baadaye. Anapanda na kuvuna siku hiyo hiyo. Matokeo yake muuaji anakuwa mtu ambaye hatujawahi kukutana naye, na mimi msomaji nahisi nimedhulumiwa.

Utasikia pia, labda kwa wenzako wanaosoma fasihi hapo chuoni, kwamba hivi vyote ni riwaya pendwa, yaani za kuburudisha tu, na kwamba riwaya dhati, zenye uzito, ni zile nyingine. Waheshimu, wamesoma. Lakini mimi sikubali kwamba kitabu kinachompa mtu wa kawaida mazoezi ya kuuliza "umejuaje?" kimekaa daraja la chini. Katika kazi yangu nimezika watoto kwa sababu watu wazima waliridhika na jibu la kwanza. Kama ningekuwa na uwezo, kila kituo cha afya kingekuwa na nakala ya Bwana Msa pale kwenye benchi la kusubiri, na nasema hivyo kwa dhati.

Vitabu viwili vinakuja kwa basi la Ijumaa, Mzimu wa Watu wa Kale na ile ya Joram na Nuru. Nimeandika namba yako juu ya kifurushi. Kachukue stendi mapema, usisubiri jioni. Vya Musiba nitakuletea mwenyewe, nakala zenyewe zimechakaa na siziamini kwenye buti la basi.

Na tafadhali usianzie kurasa za mwisho, najua tabia yako. Soma Mzimu mpaka utakapoona kimebaki kipande cha mwisho, pale Bwana Msa anapokuwa tayari kusema. Funga kitabu hapo. Niandikie unamshuku nani, na kwa nini unamshuku, hoja kwa hoja kama unavyomwandikia daktari wako mkuu. Ukishatuma, endelea.

Mama yako anasema ule vizuri.

Baba yako